Kujaza mafuta nikiwa peke yangu na watoto wadogo wawili: wabaki garini au nishuke nao?

Mama_wa_Houston

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za leo kwa wengine wote.

Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo kwa waliozoea maisha ya huku huenda likaonekana dogo, lakini mimi limeninyima utulivu kwa miezi sasa. Nilihamia Houston, jimbo la Texas, mwezi wa pili mwaka huu nikitokea Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, na kwa kawaida hukaa barabarani wiki mbili au tatu kabla ya kurudi nyumbani kwa siku chache. Tuna watoto wawili: wa kiume ana miaka minne na wa kike ana miezi tisa. Huku hatuna bibi yao, hatuna mama mdogo, hatuna binti wa kusaidia kazi, kwa hiyo popote ninapokwenda nakwenda nao wote wawili.

Nyumbani sikuwahi kushika pampu ya mafuta hata siku moja. Unaingia sheli, unazima gari, unashusha kioo, unamwambia mhudumu aweke ya elfu hamsini, unalipa ukiwa umekaa palepale, na watoto walioko nyuma hawatambui hata kwamba safari ilisimama. Hapa ni lazima nishuke, niingize kadi kwenye mashine, niandike msimbo wa posta, nichague aina ya mafuta, nijaze na kufunga, na muda wote huo macho yangu yawe mahali pawili.

Wiki iliyopita mashine iliikataa kadi yangu na kuniandikia kwamba nikamwone mhudumu ndani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na mdogo alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Nikajiambia kwamba ni hatua ishirini tu kwenda na kurudi. Nilifika mlangoni, moyo ukanikataza, nikageuka. Nikamwona mwanangu mkubwa amekwisha kujifungua mkanda, amepita katikati ya viti vya mbele na kukaa kwenye kiti changu, ameshika usukani kwa mikono miwili. Ufunguo nilikuwa nimeuacha palepale pa kuwekea vikombe. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile taa ya mafuta ikiwaka nahisi tumbo linanikata.

Maswali yangu ni haya. Je, wakati wa kujaza mafuta watoto wabaki garini, au niwashushe na kusimama nao? Ikilazimu kuingia ndani kulipa, nifanyeje na mtoto aliyelala? Nitamzuiaje huyu mkubwa asijifungue mkanda? Na je, ule mvuke wa petroli una madhara kwa mtoto mchanga? Namshukuru mapema kila atakayenijibu.

Baba_wa_Watatu_Dallas

Pole sana, dada, kwa mshtuko huo. Mimi niko Dallas mwaka wa kumi na moja sasa, nina watoto watatu, na mke wangu hufanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo hali unayoieleza naifahamu vizuri.

Kwa swali la kwanza, jibu langu ni kwamba wabaki garini, wamefungwa kwenye viti vyao, nawe usiondoke penye gari. Eneo la pampu ni njia ya magari. Kuna anayerudi nyuma, kuna anayeingia kwa haraka kuwahi pampu iliyo wazi, na kuna gari kubwa la mizigo ambalo dereva wake hamwoni kabisa mtoto wa urefu wa mita moja aliyesimama mbele ya boneti. Ukimshusha mtoto wa miaka minne huku mkono mmoja umeshika pampu na mwingine umembeba mdogo wake, hubaki na mkono wa kumshika yeye.

Hata hivyo, kubaki garini kuna masharti yake, na kubwa kuliko yote ni ufunguo. Usiuache ndani hata kwa sekunde moja. Magari mengi ya siku hizi huwashwa kwa kitufe, na ufunguo ukiwa ndani, anachohitaji mtu ni kukanyaga breki na kubonyeza. Aidha, wezi wa huku wana desturi ya kuvizia upande wa abiria wakati dereva ameinamia tanki upande wa pili. Hufungua mlango taratibu na kuchukua mkoba, au huingia na kuondoka na gari lenyewe, wakati mwingine bila kujua kwamba nyuma kuna mtoto amelala. Kwa hiyo mimi hufuata mpangilio mmoja kila siku bila kuubadilisha. Naweka gia kwenye P, navuta breki ya mkono na kuzima injini, kisha nafungua kifuniko cha tanki kabla ya jambo lingine, kwa sababu kwenye baadhi ya magari kifuniko hicho hujifunga pamoja na milango. Baada ya hapo nashuka na ufunguo mfukoni, nafunga milango yote, na nasimama mahali ninapowaona watoto kupitia dirisha la nyuma. Joto likizidi, huwashushia vioo kidogo wapate hewa.

Kuhusu kuingia ndani, ujue kwamba sheria ya Texas inalitaja jambo hili waziwazi: ni kosa kumwacha garini, kwa zaidi ya dakika tano, mtoto wa chini ya miaka saba asiye na mtu wa kukaa naye mwenye umri wa miaka 14 au zaidi. Nakusihi usizichukue dakika hizo tano kuwa ruhusa. Joto ndani ya gari lililofungwa juani hupanda kwa takriban nyuzijoto 11 za Selsiasi katika dakika kumi za mwanzo, na mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Nchini Marekani hufariki kwa wastani watoto wapatao 37 kila mwaka kutokana na joto la ndani ya magari, na wengi wao waliachwa na wazazi wanaowapenda kama tunavyowapenda wetu.

Kwa sababu hiyo, mashine ikikataa kadi una njia mbili tu: kuwashusha wote na kuingia nao, aliyelala akiwa begani, au kuondoka na kwenda kituo kingine. Mimi huchagua kuondoka, na ili niweze kuchagua hivyo siruhusu tanki lishuke chini ya nusu. Huenda pia kadi yako haikuwa na kasoro yoyote. Kabla ya kutoa mafuta, mashine huizuia kwa muda sehemu ya salio lako ikisubiri kujua utajaza kiasi gani, na kiasi hicho kinaweza kufika dola 175. Mwenye salio la dola 100 anaweza kukataliwa ingawa anataka mafuta ya dola 20. Waulize benki yako.

Mzee_wa_Sheli

Marahaba, binti yangu. Nimefanya kazi kwenye vituo vya mafuta hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na tisa, kwanza kama mhudumu wa pampu na sasa kama msimamizi wa zamu. Nakubaliana na ndugu wa Dallas katika mambo yote isipokuwa hilo la kushusha vioo, na nitaeleza kwa nini.

Kinachoshika moto si petroli ile ya majimaji, bali ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Dar es Salaam au la Houston. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hushuka na kutambaa chini, na hukusanyika mahali pasipo na upepo. Unapojaza, kila lita inayoingia tankini husukuma nje mvuke uliokuwa umeijaza nafasi ile. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani katika miaka ya karibuni yana chombo chenye mkaa cha kuunasa mvuke huo, na hilo ni jambo jema, lakini hakuna chombo kinachonasa wote, wala matone yanayobaki kwenye ncha ya nozo, yaani ule mdomo wa pampu unaoingizwa tankini. Kwa hiyo vioo vifungwe, hasa vya upande wa tanki. Ukihofia joto, lipoze gari vizuri kwa kiyoyozi kabla hujafika, na uchague pampu iliyo kivulini katikati ya paa. Kujaza kwenyewe hakuchukui muda. Pampu za huko zimewekewa kikomo cha galoni 10 kwa dakika, yaani karibu lita 38. Hata ikienda kwa nusu ya kasi hiyo, tanki lililokuwa nusu litajaa kwa dakika mbili hivi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa mzazi mwenye watoto garini, mimi nalihesabu kuwa zito kuliko yote yaliyotajwa. Pampu za huko nyingi zina kijino cha kushikilia kishikio, ukikibana mafuta yanaendelea kuingia bila wewe kushika. Mtoto anaanza kulia. Mama anakibana kile kijino, anafungua mlango, anakaa kitini na kumtuliza, kisha anateleza kutoka kitini na kwenda moja kwa moja kuishika nozo. Nguo zake zilipokuwa zikisuguana na kiti, mwili ulijikusanyia umemetuli, yaani umeme unaotokana na msuguano, na mkono unapoikaribia nozo cheche hurukia pale penye mvuke mwingi kuliko mahali pengine pote. Chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa vifaa vya petroli, kiitwacho Petroleum Equipment Institute, kilikusanya taarifa za mioto ya namna hii, na katika mingi miongoni mwake aliyekuwa akijaza alikuwa amerudi kukaa garini wakati mafuta yakiingia. Hatari huongezeka hewa inapokuwa kavu na ya baridi, na miezi hiyo ndiyo mtu hutamani kurudi ndani ya gari. Simu, ambayo kila mtu huiogopa, chama hicho hakikupata moto hata mmoja uliothibitika kusababishwa nayo; mimi nakataza simu penye pampu kwa sababu inamwondolea mtu macho, na mwenye watoto anayahitaji macho yake.

Basi mtoto akilia, ama umwache alie kwa dakika moja huku ukimwonyesha uso wako dirishani, ama usimamishe mafuta kabisa. Achia kishikio, rudisha nozo mahali pake, kaza mfuniko, ndipo umwendee. Utakuwa umeweka galoni tatu badala ya kumi, na hakuna hasara yoyote. Ikiwa umekwisha kuingia garini kwa kusahau, ukitoka gusa kwanza chuma cha mlango kwa kiganja kitupu, mbali na tanki, ndipo uishike nozo.

Ikitokea moto ukawaka mdomoni mwa tanki, usiichomoe nozo. Anayeichomoa humwaga petroli inayowaka chini na juu ya miguu yake mwenyewe, na moto uliokuwa mdogo kama wa jiko huwa wa gari zima. Iache palepale, watoe watoto kwa mlango wa upande wa pili, nendeni mbali, na umpigie kelele mhudumu abonyeze kitufe cha kuzima pampu zote. Sisi tuliokuwapo Tanzania mwezi Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, na petroli ikawaka na kuua watu zaidi ya 100, hatuhitaji kuelezwa jinsi mvuke unavyoenda kasi kuliko miguu. Sikuelezi haya ili uiogope pampu, binti yangu. Katika miaka kumi na tisa sijaona moto kwenye kituo changu hata mara moja, na naamini ni kwa sababu tunashikilia mambo haya madogo kila siku.

Muuguzi_Leicester

Habari zenu nyote. Mimi ni Mkenya, muuguzi wa watoto hapa Leicester, Uingereza, na ningependa kulijibu swali la mvuke ambalo bado halijajibiwa upande wa afya.

Harufu ya dakika mbili au tatu, vioo vikiwa vimefungwa, isikukoseshe usingizi. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani kwa watu wanaoivuta kwa wingi na kwa muda mrefu, ndiyo maana huku kiasi chake ndani ya petroli kimewekewa kikomo cha asilimia 1. Mtoto aliye ndani ya gari hapati kiasi cha kutisha. Mtoto aliyebebwa mbele ya mdomo wa tanki ni habari nyingine, na kwa hiyo siungi mkono ushauri ninaousikia mara kwa mara kwamba mdogo afungwe mgongoni kwa leso wakati wa kujaza. Leso itakufaa sana unapokwenda kulipa, kwa kuwa mikono yote miwili inabaki huru na mmoja wake unamshika huyo mkubwa. Lakini mtu anayeshika nozo asiwe na mtoto mwilini, maana mafuta hurudi na kuruka, hasa tanki linapokaribia kujaa.

Kinachonihangaisha mimi zaidi ni mikono ya mama baada ya kujaza. Ifute au uioshe kabla ya kushika chupa ya maziwa au nyonyo ya kumtulizia mtoto. Petroli ikimwingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha apelekwe hospitali. Ikimwagikia nguo, mvue na umwoshe kwa sabuni. Akiimeza, hata kidogo, usimtapishe kwa njia yoyote ile, kwa sababu inapopanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko inakoleta madhara makubwa. Piga simu mara moja: Marekani kuna kituo cha ushauri wa sumu, namba 1-800-222-1222, na hapa Uingereza ni 111, au 999 ikiwa anahema kwa shida.

Kwa walioko huku kwetu, mambo yanatofautiana kidogo. Pampu zetu hazina kile kijino anachokisema mzee. Ni lazima ukishike kishikio mwenyewe mpaka mwisho, kwa hiyo kishawishi cha kurudi garini hakipo. Tatizo letu ni malipo, kwa sababu vituo vingi unajaza kwanza na kulipa dukani baadaye, na ukishajaza huwezi kuondoka kutafuta kituo kingine. Sheria haitaji umri wala dakika, ila inasema ni kosa kumwacha mtoto peke yake ikiwa kufanya hivyo kunamweka hatarini. Mimi hutumia vituo vya supamaketi vyenye mashine ya kulipia kwenye pampu, nikijua kwamba vinaweza kuzuia kiasi cha fedha kwenye kadi kwa muda. Pale ambapo mashine hiyo haipo, nawashusha wote, hata mvua ikinyesha.

Ndugu wa Dallas amesema ufunge milango. Kwa magari mengi ya Uingereza ongeza tahadhari moja: ukibonyeza rimoti mara mbili, milango hujifunga kwa namna ambayo hata aliye ndani hawezi kuifungua kwa kishikio. Watengenezaji wenyewe wanaonya isifungwe hivyo kukiwa na mtu ndani. Soma kitabu cha gari lako ujue bonyezo lipi linafanya nini.

Na mwanao mkubwa akikuomba asaidie kushika nozo, mkatalie kwa upole. Huku aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kabisa kujaza petroli, na sababu zake ni hizohizo alizozieleza mzee. Jambo jingine ni kwamba mama anayeitwa mara kumi kwa dakika hukosea aina ya mafuta kwa urahisi sana. Hapa nozo ya petroli ni ya kijani na ya dizeli ni nyeusi, ilhali Marekani mara nyingi ya kijani ndiyo dizeli. Soma maandishi, usiitegemee rangi, na ukigundua umekosea usiliwashe gari.

Mwalimu_wa_Chekechea_NJ

Dada, mimi naishi New Jersey, jimbo pekee la Marekani ambako mteja bado haruhusiwi kabisa kujijazia petroli. Sheria hiyo ni ya mwaka 1949. Oregon nayo ilikuwa na katazo kama hilo tangu mwaka 1951, na ikaliondoa mwaka 2023. Kwa hiyo pampu sina la kukueleza, lakini nimefundisha chekechea kwa miaka kumi na miwili, na nataka tuzungumze kuhusu huyo kijana wako wa miaka minne.

Mtoto wa umri wake hajifungui mkanda kwa ukaidi. Kwake yeye gari likizimwa maana yake ni kwamba tumefika, na mama akishuka maana yake ni kwamba sasa ni zamu yangu kushuka. Siku ile alifanya kile ambacho gari lilimwambia afanye. Kwa hiyo mwambie kabla hujazima injini, kwa maneno yaleyale kila mara: "Tumesimama kuweka mafuta, hatujafika. Mama atashuka, utamwona dirishani, kisha tutaondoka." Akishajua kitakachofuata, hana haja ya kukutafuta.

Halafu mpe kitu cha kufanya pamoja nawe katika zile dakika mbili. Mimi na wangu tuliwahi kuwa na mchezo wa kugonga kioo: nagonga mara tatu, naye anajibu mara tatu kwa kiganja, nagonga mara mbili, anajibu mara mbili. Mchezo huo unamfanya akukodolee macho wewe, si kifungio cha mkanda, na wewe unajua bila kuchungulia kwamba yupo mahali pake. Msizoeshane kwa mara ya kwanza penye pampu. Fanyeni nyumbani, gari likiwa limezimwa kwenye maegesho, mara tatu au nne kwa siku kadhaa, na kila akimaliza bila kujifungua msifu kwa kutaja alichofanya. Sentensi ya sheria iwe moja na fupi: mkanda unafunguliwa na mtu mzima. Baba naye akirudi safari aseme hiyohiyo.

Hakikisha pia kwamba mikanda ya kiti chake imekazwa sawasawa, kiasi kwamba huwezi kuikunja kwa vidole pale begani, na kile kifungio cha kifuani kiwe usawa wa makwapa. Mikanda iliyolegea humwachia nafasi ya kuchomoa mabega hata bila kufungua kitu. Usinunue vifuniko vya kuzuia asijifungue isipokuwa mtengenezaji wa kiti ameviruhusu, kwa kuwa siku ya ajali anayekuja kuwaokoa lazima aweze kufungua kwa sekunde chache. Badala yake washa kufuli la watoto kwenye milango ya nyuma, kile kiswichi kidogo kilicho ubavuni mwa mlango, pamoja na kitufe cha dereva cha kuzuia vioo.

Na tafadhali usimpe karanga, zabibu wala pipi ya kumtuliza wakati uko nje. Akipaliwa hutasikia, na pampu inapiga kelele.

Mama_wa_Houston

Nimeyasoma majibu yenu yote mara mbili, na mara ya pili niliyasoma kwa simu pamoja na mume wangu akiwa amepumzika njiani. Mungu awazidishie.

Benki wamenithibitishia kwamba kadi haikuwa na tatizo. Siku ile nilikuwa na salio la dola 90 na kiasi kilichotakiwa kuzuiwa kilizidi hapo. Kufuli la watoto lilikuwepo kwenye milango yote miwili, wala sikuwahi kujua kwamba lipo. Mchezo wa kugonga kioo tuliufanya kwa siku nne kwenye maegesho ya nyumba yetu, na sasa mwanangu ndiye anayenikumbusha.

Leo saa moja asubuhi, kabla ya jua kupamba moto, tumekwenda kujaza. Nilimwambia yale maneno, nikashuka na ufunguo, nikafunga milango. Mkubwa aligonga kioo muda wote na hakugusa mkanda. Mdogo alianza kulia nikiwa nimefika galoni nne, na kwa kweli mkono wangu ulikuwa umekwisha kwenda kwenye kile kijino. Nikamkumbuka mzee. Nikasimamisha, nikairudisha nozo, nikakaza mfuniko, nikafuta mikono, ndipo nikamwendea, na tukaondoka na galoni zetu nne.

Jambo moja limenishangaza. Gari letu ni lile la familia lenye milango ya nyuma ya kuteleza, na tanki liko kushoto. Kabla sijakifunga kifuniko cha tanki nilijaribu kufungua mlango wa kushoto nimfikie mdogo, ukagoma kabisa, nilipokifunga, ukafunguka. Je, huo ni ubovu?

Baba_wa_Watatu_Dallas

Si ubovu, dada. Magari mengi ya aina hiyo yametengenezwa hivyo kwa makusudi, ili mlango unapoteleza kurudi nyuma usiigonge nozo iliyoko tankini. Lakini umegundua jambo muhimu sana kwa ule ushauri wa mzee wa kuwatoa watoto kwa mlango wa upande wa pili: mafuta yakiwa yanaingia, mlango wako wa kushoto haupo. Mdogo ambaye hawezi kujitoa mwenyewe anafaa akae kulia. Angalia kitabu cha gari na cha kiti chake kama vinaruhusu, ukihamishie kiti upande huo, kisha ujaribu kuwatoa wote wawili kwa mlango wa kulia, ukiwa nyumbani, mpaka mikono yako iujue bila kufikiri.